Mtoto Akichora Ukutani, Usikimbilie Fimbo

Ndugu msomaji, huenda nawe yamekwisha kukufika. Umetoka kazini jioni, basi limekusimamisha wima tangu mjini hadi mtaani kwako, na kitu pekee unachokitamani ni maji ya kuoga na mkeka wa kujinyosha. Wafungua mlango, na tazama! Ukuta wa sebule, ule ulioupaka chokaa mwezi uliopita kwa fedha yako mwenyewe, umechorwa kwa mkaa kutoka usawa wa goti hadi pale mkono wa mtoto ulipokoma kufika. Je, utafanya nini?

Mimi nilishika fimbo.

Ilikuwa mwaka 2014, nami sioni fahari kulisimulia jambo hili mbele ya wazazi wenzangu. Mwanangu wa kiume alikuwa na umri wa miaka saba. Nilimcharaza, naye akalia kidogo kuliko nilivyotazamia, kisha akaenda kukaa uani karibu na pipa la maji. Nikachukua ndoo na kitambaa, nikaanza kupangusa. Mkaa, kama ujuavyo, haukubali maji; husambaa tu na kuufanya ukuta wote kuwa wa kijivu. Ndipo dada yangu mkubwa, ambaye siku hizo alikuwa amekuja kututembelea na ambaye amefundisha watoto wa chekechea kwa miaka mingi, aliponishika mkono akasema, "Mdogo wangu, acha kwanza. Umeitazama?"

Sikuwa nimeitazama. Nilikuwa nimeona uchafu, sikuona picha. Sasa nikaitazama. Palikuwa na kitanda chenye miguu mingi mno, kama jongoo. Kando ya kitanda walisimama watu warefu, safu nzima, wenye macho na masikio makubwa, lakini nyuso zao hazikuwa na midomo. Na juu ya paa la nyumba alikuwa ameketi mtu mdogo peke yake.

Dada alimwita mtoto. Hakumwuliza, "Hiki ni nini?" wala, "Kwa nini umechafua ukuta?" Alimwambia, "Njoo mwanangu, unisimulie habari za hapa." Mtoto alisitasita, akanitazama mimi kwanza, kisha akaeleza. Kitanda kilikuwa cha hospitali. Yule wa juu ya paa alikuwa mdogo wake. Na hawa warefu?

"Ni watu wazima, shangazi."

"Mbona hawana midomo?"

"Kwa sababu hawasemi."

Yanipasa nikueleze, msomaji, kwamba miezi mitatu kabla ya jioni hiyo tulikuwa tumefiwa na mtoto wetu wa pili, wa miaka minne, kwa homa kali iliyomchukua katika siku mbili. Mimi na mama yake tulikata shauri kumwambia kaka yake kwamba mdogo wake amekwenda kukaa na bibi kijijini. Tulidhani twamhifadhi. Nguo za marehemu zikafichwa, na jina lake halikutajwa tena ndani ya nyumba ile. Kumbe mtoto alijua kila kitu. Alichokuwa hakijui ni kimoja tu: kwa nini wazazi wake wamegeuka mabubu.

Naandika haya si kwa kutaka kuhurumiwa. Naandika kwa kuwa najua kwamba katika nyumba nyingi za mitaa yetu lipo jambo ambalo halisemwi, liwe msiba, liwe ugomvi wa baba na mama, liwe baba aliyeachishwa kazi na angali akiondoka kila asubuhi ili watoto wasijue. Na katika nyumba hizo hizo yupo mtu, aghalabu aliye mdogo kuliko wote, ambaye hana maneno ya kulisema jambo hilo lakini ana mkono, na mkono ukipata kipande cha mkaa utasema.

Mchoraji aliyelazwa

Tangu siku ile nimejibidiisha kusoma na kuuliza juu ya jambo hili, na nimejifunza kwamba wako watu waliolishughulikia kwa miaka mingi katika hospitali na mashule ya nchi mbalimbali.

Mmoja wao ni Adrian Hill, mchoraji wa Kiingereza, ambaye katika Vita Kuu ya Kwanza alikuwa askari na akachora picha nyingi za uwanja wa vita. Mwaka 1938 alipatwa na kifua kikuu akalazwa katika hospitali ya wagonjwa wa maradhi hayo huko Midhurst, kusini mwa Uingereza. Siku hizo dawa za kuua vijidudu vya kifua kikuu zilikuwa bado hazijapatikana. Mgonjwa alilazwa tu, miezi kwa miezi, apate hewa safi na chakula, akiyahesabu mapigo ya moyo wake na kusikiliza kikohozi cha jirani. Hill alianza kuchora vitu vilivyokuwa karibu na kitanda chake, na baada ya muda akaona kwamba zile saa alizochora hazikuwa sawa na saa nyingine. Alipopata nafuu akawashawishi wagonjwa wenzake wajaribu. Wengi wao walikuwa hawajapata kushika penseli kwa kazi hiyo tangu utotoni. Vita vya Pili vilipoanza, wakaongezeka askari waliorudi wakiwa wagonjwa, na karatasi zao zikaanza kutoa mambo waliyoyaona vitani ambayo hawakuyasimulia kwa daktari wala kwa wake zao.

Ni Hill aliyebuni, mwaka 1942, jina la Kiingereza ambalo hadi leo hutumika kwa kazi hii, yaani tiba kwa njia ya sanaa. Na mwaka 1945 akatoa kitabu juu yake. Nataka ieleweke vizuri: picha haikuua kijidudu hata kimoja cha kifua kikuu. Mwenye kikohozi cha wiki mbili na aende hospitali akapimwe, wala asinunue rangi. Lakini mgonjwa si mapafu peke yake. Ana hofu, ana uchovu wa kungoja, ana mawazo ya watoto aliowaacha nyumbani, na hayo hayapimwi kwa makohozi.

Masanduku mawili ya karatasi

Habari ya pili ni nzito zaidi, nami nimekuwa nikijiuliza kama yafaa kusomwa Jumapili pamoja na watoto. Nadhani yafaa.

Friedl Dicker-Brandeis alizaliwa Vienna mwaka 1898. Alikuwa Myahudi, mchoraji aliyesoma katika shule mashuhuri ya sanaa iliyoitwa Bauhaus, huko Weimar, Ujerumani. Katika miaka ya 1930 aliishi Prague, akiwafundisha kuchora watoto wa wakimbizi. Mwezi Desemba 1942 Wanazi walimpeleka yeye na mumewe katika mji wa ngome wa Terezín, katika nchi iliyoitwa Chekoslovakia kabla Wanazi hawajaivamia, mji uliogeuzwa kuwa kizuizi cha Wayahudi kabla ya kupelekwa kwenye makambi ya mauaji. Kila mtu aliruhusiwa mzigo mdogo. Inasimuliwa kwamba mama huyu alijaza vyake karatasi na vifaa vya kuchorea.

Huko Terezín watoto wengi walilazwa katika nyumba zao, mbali na wazazi, wamebanana katika vitanda vya ghorofa. Masomo ya kawaida yalipigwa marufuku. Friedl aliwakusanya watoto hao akawapa karatasi: nyuma za fomu za ofisi zilizokwisha kutumika, vipande vya kufungia vitu, chochote. Mara nyingi alianza kwa mazoezi ya mkono tu, mistari ya mzunguko na ya mawimbi iliyofuata mdundo, ili mkono ulegee na hofu ya kukosea itoke. Hakuwaambia wachore huzuni yao. Tena ukizitazama picha zile, nyingi si za huzuni: ni maua, vipepeo, nyumba yenye bustani, meza iliyoandaliwa chakula. Nyingine ni vitanda vya ghorofa na watu waliopanga foleni wakiwa na mabakuli. Mtoto alichora kile alichokihitaji siku hiyo. Naye mwalimu alisisitiza kwamba kila mtoto aandike jina lake juu ya picha yake. Fikiri maana yake mahali ambapo watu waliitwa kwa namba za msafara.

Mwezi Oktoba 1944 zamu yake ikafika. Kabla ya kupakiwa katika treni ya kwenda Auschwitz, ambako aliuawa, picha za watoto zilifichwa katika masanduku mawili. Zilipatikana baada ya vita, zipatazo 4,500, na leo zimehifadhiwa katika Jumba la Makumbusho la Wayahudi mjini Prague. Wengi wa watoto walioandika majina yao juu ya karatasi hizo waliuawa pia.

Basi, mtu aweza kusema, picha ziliwasaidia nini? Nimelifikiri swali hili mara nyingi. Hazikuwaokoa. Lakini kwa muda wa saa moja, mtoto aliyenyang'anywa kila kitu alikuwa na karatasi ambayo juu yake yeye ndiye aliyeamua mlango uwe wapi na kipepeo kiwe cha rangi gani. Edith Kramer, msichana aliyefundishwa na Friedl na kumsaidia kazi ya watoto wa wakimbizi, alikuwa amekimbilia Marekani mwaka 1938. Huko New York aliiendeleza kazi hiyo miongoni mwa wavulana waliotoka katika nyumba zenye taabu, akawa mmoja wa waanzilishi wa fani ya kuwatibu watoto kwa sanaa. Kwa hiyo kazi ya Friedl haikufia Auschwitz.

Wala tusidhani kwamba jambo hili limeletwa kwetu na meli. Nani kati yetu hakuchora mchangani kwa kijiti, akafuta kwa unyayo, akachora tena? Nani hakufinyanga ng'ombe wa udongo baada ya mvua, au hakutengeneza gari la waya lenye magurudumu ya kandambili zilizokwisha? Na akina mama wa pwani wanajua tangu zamani kwamba liko neno lisiloweza kusemwa kwa jirani, kwa wifi au hata kwa mume, lakini laweza kuvaliwa. Huchagua kanga kwa jina lake, wakaifunga wakapita uwanjani, na aliyekusudiwa akasoma. Tofauti ni kwamba sisi watu wazima wa mjini tumeviacha vitu hivi kwa watoto, na watoto nao twawaambia waache wakasome.

Mchezo wa mstari wa ovyo

Nikuoneshe sasa njia moja rahisi, ambayo sisi nyumbani kwetu tuliitumia. Aliyeieneza ni Donald Winnicott, daktari wa watoto aliyefanya kazi kwa miaka ipatayo 40 katika hospitali ya watoto ya Paddington Green, London, na ambaye alifariki mwaka 1971. Aliletewa watoto waliokojoa kitandani wakiwa wakubwa, walioiba, waliokataa kusema. Badala ya kumhoji mtoto kama polisi ahojivyo, alichukua karatasi na penseli. Yeye alifumba macho akachora mstari wowote, wa ovyo kabisa, akamwambia mtoto, "Ugeuze uwe kitu." Mtoto aliongeza kitu kidogo, pengine jicho, pengine mkia, mstari ukawa nyoka au bata. Kisha mtoto naye akachora mstari wake wa ovyo, na zamu ya kuugeuza ikawa ya daktari. Wakaendelea hivyo, wakizungumza au wakinyamaza, karatasi kwa karatasi. Aghalabu, katikati ya mabata na nyoka, kikajitokeza kile kilichokuwa kikimsumbua mtoto.

Dada yangu alitufundisha mchezo huo usiku ule ule. Tulitandika mkeka, tukaleta karatasi za ofisini zilizoandikwa upande mmoja, na kalamu mbili. Mwanangu alifumba macho akachora mstari, akanisukumia. Mimi nikaona mbuzi, nikaongeza pembe na miguu minne kwa bidii kubwa. Mtoto akatazama akacheka, kicheko cha kwanza tangu msiba. "Baba, huyu si mbuzi, ni kiatu!" Nami, niliyempiga saa tatu kabla yake, nikakubali kwamba ni kiatu. Utaona faida ya baba kutojua kuchora: mtoto hupata mahali pa kumshinda mzazi wake bila utovu wa adabu.

Tulicheza karibu kila usiku kwa wiki mbili. Mama yake alikuwa akipita tu, akituona kama wajinga. Mikono yake ilikuwa haikai. Tangu msiba alikuwa akisuka ukili mpaka usiku wa manane, ukili wa kutosha mikeka ambayo hakuna aliyeiagiza. Usiku mmoja aliketi. Mtoto akamsukumia karatasi yenye mstari wake wa ovyo. Mke wangu akaushika kalamu kwa muda mrefu, kisha akaugeuza mstari ule ukawa shati dogo, akalitia vifungo, akaacha pengo mahali pa kifungo cha pili kutoka juu. Sote watatu tulilijua shati lile. Lilikuwa ndani ya sanduku chini ya kitanda. Hapo ndipo alipolitaja jina la mtoto wetu kwa mara ya kwanza, naye mwanangu akauliza maswali yake yote kwa mfululizo: kama aliumia, kama alizikwa na viatu, kama ni kosa lake kwa kuwa siku moja kabla ya homa walikuwa wamecheza kwenye mvua. Swali hilo la mwisho alikuwa amelibeba miezi mitatu mizima, ndugu msomaji, na mimi nilikuwa nikimwuliza tu kama amefanya kazi ya shule.

Nilipomweleza kwamba homa ile haikutokana na mvua, alinifanya nirudie mara mbili.

Si watoto peke yao

Nimesikia watu wazima wakisema, "Hayo ni ya watoto; mimi hata kuku siwezi kumchora." Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Drexel, huko Philadelphia, Marekani, waliwakalisha watu wazima 39 kwa dakika 45 wafanye wapendavyo kwa udongo wa kufinyangia, kalamu za rangi na karatasi za kukata na kubandika. Mate yao yalipimwa kabla na baada, ili kuona kiasi cha kotisoli, kichocheo ambacho mwili hukitoa kwa wingi mtu awapo na wasiwasi. Kwa watu wapatao asilimia 75 kipimo kilishuka, na wale waliokuwa na uzoefu wa sanaa hawakuwashinda wasiokuwa nao. Watu 39 ni wachache, wala hapakuwa na kundi jingine la kulinganisha nao, hivyo tusikitangaze kipimo hicho kama muujiza. Lakini hilo la mwisho linanipendeza. Fundi na asiye fundi walipata nafuu sawasawa.

Hapa kuna kosa moja ambalo wazazi wa mjini twalifanya kwa nia njema. Mtoto akichora kitu cha kupendeza kidogo, mara twapiga makelele: "Huyu atakuwa Tingatinga! Atatutajirisha!" Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, hakusomea kuchora mahali popote, alifanya kazi za mkono za kila namna kabla ya kuanza, mwishoni mwa miaka ya 1960, kuchora wanyama na ndege kwa rangi za mafuta juu ya mbao za dari, hapa Dar es Salaam, na alipofariki mwaka 1972 aliacha mtindo uliochukua jina lake. Ni jambo la kujivunia. Ila Tingatinga alikuwa mtu mzima aliyetafuta riziki. Mtoto aliyechora kitanda cha hospitali hatafuti soko. Ukimpigia makofi kwa uzuri wa picha, kesho atakuchorea kitu cha kupigiwa makofi, na kile kilichokuwa kikimkaba kooni kitabaki pale pale.

Kwa sababu hiyo hiyo usisahihishe. Jua likiwa la kijani, na liwe la kijani. Mtu akiwa mkubwa kuliko nyumba, pengine kwa mtoto huyo mtu huyo ni mkubwa kuliko nyumba kweli. Usimshikie mkono. Usicheke, isipokuwa yeye amecheka kwanza. Na tafadhali, usiwe mpiga ramli wa picha. Wako watu waliosoma kidogo wanaotangaza kwamba mtoto atumiaye rangi nyeusi ana huzuni moyoni. Huenda ana huzuni. Huenda pia ana mkaa tu. Mwambie kama dada yangu alivyosema, "Nisimulie," kisha ukae kimya. Akikataa kusimulia, picha imekwisha kufanya sehemu ya kazi yake, nawe usimlazimishe.

Vifaa visikuogopeshe. Seti za rangi za madukani ni ghali na watoto huzimaliza kwa siku mbili. Mkaa uko jikoni. Manjano ya pilau, ikikorogwa kwa maji kidogo, hutoa rangi ya njano inayong'aa. Bluu ya kufulia hutoa samawati. Majani mabichi yaliyotwangwa na kukamuliwa hutoa kijani, ingawa hufifia baada ya siku chache. Uji mzito wa unga wa ngano au wa muhogo ni gundi nzuri ya kubandikia vipande vya magazeti. Brashi yaweza kuwa kijiti kilichotafunwa ncha kama mswaki. Udongo wa kufinyanga hupatikana kwenye mabonde baada ya mvua, na una faida ambayo karatasi haina: waweza kuupiga ngumi. Kwa mtoto mwenye hasira, au kwa baba aliyegombana na msimamizi wake kazini, hilo si jambo dogo. Kama mna ua, mpeni mtoto kipande cha ukuta wa nyuma kiwe chake. Chokaa ni rahisi kuliko mtu.

Nusu saa yatosha, mara moja au mbili kwa wiki, redio ikiwa imezimwa na simu zikiwa mbali. Mtu mzima naye achore, wala asiketi kama msimamizi wa mtihani. Baba aliyetoka zamu ya usiku aweza kuona haya mwanzoni; mwacheni achore duara tupu akipenda, duara juu ya duara, mpaka mkono uchoke. Mambo hayo ya karatasi huenda yakahifadhiwa, huenda yakachomwa. Mwenye picha ndiye aamue, hata akiwa na miaka mitano.

Lakini yako mambo ambayo mkeka na kalamu havitayaweza. Mtoto asiyelala kwa majuma, anayekataa chakula, anayejiumiza kwa makusudi, anayerudia kuchora jambo moja la kutisha siku baada ya siku bila nafuu. Mtu mzima anayesema afadhali afe. Hao wapelekwe hospitali, wala familia isione aibu. Na iwapo katika kusimulia picha mtoto atakuambia kwamba kuna mtu anayemdhuru, basi hiyo si tena habari ya sanaa. Mwamini, mlinde, na upeleke habari hiyo kwa wahusika mara moja, hata kama anayetajwa ni ndugu yako wa damu.

Sijui kama mwanangu angetueleza kwa njia nyingine, siku nyingine. Najua tu kwamba mkaa ule ulitangulia, na fimbo yangu nusura iufunge mdomo pekee uliokuwa umefunguka ndani ya nyumba.

Mwisho wa mwaka ule mwenye nyumba alikuja na fundi wake apake chokaa upya, kwani wapangaji wengine walikuwa wamelalamika. Mke wangu alimwomba sehemu ile iachwe. Mzee yule alitutazama kama watu waliorukwa na akili, akasema ukuta ni wake na hataki mkaa. Tulizungumza naye kwa heshima, tukamwandalia chai, na mwisho tukakubaliana kwamba tulisogeze kabati la vyombo mbele ya picha ili isionekane na wageni. Fundi akapaka kulizunguka.

Mwanangu sasa ni mrefu kunishinda. Hachori, anapenda mpira na kufungua redio mbovu. Kabati liko mahali pale pale, na kila tunapolisogeza kufagia, wale watu warefu bado wamesimama kando ya kitanda. Mmoja wao ana mdomo. Sijui aliuongeza lini.